Kufuli ni Lile Lile, Msiuziwe Woga

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wafanyabiashara wa mtandaoni hapa Mwanza. Waliokosa nafasi wameniomba niyaweke, nami nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa umoja wetu, wafanyabiashara wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi?

Kwenye ratiba wameniandikia "Usalama wa Tovuti". Mada hiyo ni kubwa, tungekesha hapa mpaka samaki wa chakula cha mchana wapoe. Nitazungumzia kitu kimoja tu: hiki cheti mnachotozwa kila mwaka. Hii SSL, cheti cha kidijitali kinacholinda mawasiliano kati ya tovuti yako na mteja. Wangapi hapa mmewahi kulipia SSL? Inueni mikono juu. Naona mikono mingi. Haya, abaki ameinua yule anayeweza kutuambia alinunua nini.

Mnaona? Mikono yote chini. Ndiyo sababu nimekuja.

Dada mmoja anayeuza vitenge na madera mtandaoni aliniletea ankara ya fundi wake wa tovuti. Imeandikwa vizuri, ina muhuri: "SSL Premium, mwaka mmoja, shilingi 350,000." Nikamwambia, dada, hebu fungua tovuti yako hapa. Akafungua. Tukagonga ile alama ndogo, mara nyingi picha ya kufuli, iliyo kushoto mwa anwani, tukagonga palipoandikwa kwamba muunganisho ni salama, tukafungua cheti chenyewe. Kila cheti kina sehemu inayotaja aliyekitoa. Chake kilisema Let's Encrypt. Chini yake tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, siku 90 kati yao.

Sasa sikilizeni. Let's Encrypt ni watoaji wa vyeti wasio wa faida, na hawauzi vyeti. Hawajawahi kumuuzia mtu yeyote cheti hata kimoja. Bei yao ni sifuri, na imekuwa sifuri tangu siku ya kwanza.

Akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo nimewekewa feki?" Hapana. Cheti ni halali kabisa, wateja wake wako salama kama wa benki kubwa. Ankara ndiyo yenye walakini.

Na msinielewe vibaya, mafundi mliokaa pale nyuma, naona mmeanza kunikunjia uso. Fundi ana haki ya kulipwa. Kufunga cheti, kukiangalia, kukihuisha, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira wake. Andika kwenye ankara "kazi ya kufunga na kutunza cheti", weka bei yako, mteja akubali au akatae. Usichokuwa na haki nacho ni kuandika kwamba ulinunua kitu ambacho hukununua.

Tuanze na swali ambalo naulizwa kila mahali. "Mimi sipokei kadi za benki. Wateja wangu wanalipa kwa simu. Cheti cha nini?" Wangapi mnawaza hivyo? Msione haya.

Kabla ya pesa za simu, wazee wetu waliokuwa wakituma hela Dar walimpa konda wa basi. Basi linapita Shinyanga, linapita Singida, Dodoma, Morogoro, na hela iko kwenye bahasha. Mlimwamini konda, lakini hakuna aliyempa noti mkononi wazi, kila abiria akizihesabu njiani. Tovuti isiyo na cheti inatuma noti wazi. Kila kinachoandikwa kwenye fomu yenu kinapita kwenye wifi ya hoteli, kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwenye seva kadhaa, yaani kompyuta za mtandaoni, za watu msiowajua, na kila kituo kinaweza kusoma. Jina la mteja, namba yake ya simu, mtaa anaokaa, alichoagiza. Na neno lenu la siri mnapoingia kuongeza bidhaa.

Ila kusomwa si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa ni kubadilishwa. Tovuti yako imeandika Lipa Namba yako, si ndiyo? Imekaa pale, kubwa, kwa rangi nyekundu. Mteja yuko kwenye wifi ya bure, na aliyeiweka wifi hiyo ni mjanja. Ukurasa wako ukipita kwake bila kusimbwa, yaani bila kugeuzwa maandishi ya siri yasiyosomeka njiani, anaweza kuondoa namba yako na kuweka yake. Kwenye seva yako kila kitu kiko sawa. Ukiangalia mwenyewe ukiwa nyumbani, kila kitu kiko sawa. Mteja analipa, anapata ujumbe wa malipo, anakupigia kuuliza mzigo uko wapi, na wewe hujaona hata shilingi. Nani mwizi hapo? Kwa mteja, mwizi ni wewe.

Cheti kinazuia hilo. Kurasa zikisimbwa, aliye katikati hawezi kusoma, na akijaribu kubadilisha hata herufi moja, kivinjari cha mteja, ile programu anayofungulia tovuti kama Chrome, kinagundua na kukata mawasiliano. Kwa hiyo hata kama tovuti yako haina fomu hata moja, ina Lipa Namba tu, unahitaji cheti.

Kuna anayedhani natisha watu. Oktoba 2010 kijana wa Marekani, Eric Butler, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep. Ulikuwa unaiweka kwenye kivinjari cha Firefox, unakaa mahali penye wifi ya wazi, unabonyeza kitufe kimoja. Pembeni zinajipanga picha na majina ya watu waliomo humo ndani walio kwenye Facebook au Twitter. Unagonga jina, unaingia kwenye akaunti yake. Bila neno la siri. Bila utaalamu wowote. Wakati ule Facebook ilikuwa ikisimba ule ukurasa wa kuingilia tu, ukishaingia mengine yote yanapita wazi. Butler hakuwa mwizi. Alitaka kampuni zione aibu. Na zikaona: Januari mwaka uliofuata Facebook ikaruhusu watu wasimbe kila ukurasa, na kufika 2013 ikawawashia wote usimbaji bila kuuliza.

Sasa, kama kitu hiki ni muhimu hivyo, kwa nini zamani kilikuwa cha matajiri?

Hapa kuna kisa kinachotuhusu Waafrika, na nashangaa hakisimuliwi sana. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilikuwa imeanza kuweka usimbaji kwenye kivinjari chake, na kule Marekani VeriSign ikaanza kuuza vyeti kwa mamia ya dola. Mwaka huohuo, Cape Town, mwanafunzi wa chuo kikuu, Mark Shuttleworth, akaanzisha kampuni yake ya vyeti ndani ya gereji ya wazazi wake. Akaiita Thawte. Akapata kitu ambacho ndicho mtaji wa biashara hii yote: vivinjari vikubwa vikakubali kumwamini. Miaka minne baadaye Thawte ilikuwa ya pili duniani nyuma ya VeriSign, na Desemba 1999 VeriSign wakainunua kwa dola milioni 575.

Milioni 575! Kijana akachukua sehemu ya pesa hizo, zinakadiriwa dola milioni 20, Aprili 2002 akapanda chombo cha Warusi kutoka Baikonur, kule Kazakhstan, na kwenda kuishi siku kadhaa kwenye kituo cha anga. Mwafrika wa kwanza kufika huko. Baadaye akaanzisha Ubuntu, programu ya kuendeshea kompyuta, ambayo seva za tovuti zenu nyingi zinaitumia hivi sasa bila nyinyi kujua.

Mimi nampongeza, alikitumia kipaji chake vizuri. Lakini jiulizeni: alikuwa akiuza nini hasa? Hakuuza chuma, hakuuza mashine. Aliuza sahihi. Kampuni inathibitisha kwamba wewe ndiye mwenye jina hili la tovuti, inatia sahihi yake ya kidijitali, na kwa kuwa kivinjari kinaiamini sahihi hiyo, kinakuamini na wewe. Kutia sahihi moja zaidi kunaigharimu kompyuta chini ya sekunde. Bei ilikuwa juu kwa sababu waliokuwa wakiaminiwa na vivinjari walikuwa wachache, na mlango wa kuingia kwenye orodha hiyo ni mwembamba.

Mlango huo ukaja kufunguliwa na watu wachache waliochoka kuona nusu ya intaneti ikipita uchi. Josh Aas na Eric Rescorla waliokuwa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, Peter Eckersley wa shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF, na profesa Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2013 ikasajiliwa taasisi isiyo ya faida, 2014 wakautangaza mradi wao, ndio hiyo Let's Encrypt, Septemba 2015 wakatoa cheti cha kwanza. Februari 2020 walifikisha cheti cha bilioni moja. Eckersley alifariki 2022, na mimi kila nikiona kufuli kwenye tovuti ya mama ntilie anayepokea oda za chakula mtandaoni, naona kazi ya mikono yake.

Wanaliwezaje bure? Kazi yote inafanywa na mashine. Seva yako inaomba cheti. Mashine yao inajibu: kama kweli jina hili ni lako, weka faili hili dogo mahali hapa kwenye tovuti yako. Seva yako inaweka. Mashine inakuja kuangalia, inaliona, inatia sahihi. Hakuna karani, hakuna fomu, hakuna "njoo kesho". Gharama za mitambo na wahandisi wanalipa wafadhili, kampuni kubwa za teknolojia na watu wa kawaida wanaochangia.

Sasa nafika penye utata, tafadhali simu zikae mfukoni kidogo.

Muuzaji atakwambia: "Cha bure usimbaji wake ni dhaifu. Hiki changu cha laki tano ni imara." Mmeshaambiwa hivyo? Naona vichwa vinatikisika. Si kweli. Nguvu ya usimbaji haitoki kwenye cheti. Mteja anapofungua tovuti yako, kivinjari chake na seva yako vinakubaliana ufunguo mpya kwa ajili ya mawasiliano hayo, kwa njia iliyowekwa kwenye utaratibu uitwao TLS, mrithi wa SSL, na toleo lake jipya, 1.3, limetoka 2018. Cheti kazi yake hapo ni kuthibitisha kwamba unaongea na mwenyewe. Seva iliyowekwa vizuri yenye cheti cha bure, na seva ileile yenye cheti cha dola 500, zinasimba sawasawa. Kufuli ni lile lile. Narudia kwa wa nyuma: kufuli ni lile lile!

Tofauti ya kweli iko kwenye kilichokaguliwa. Cheti cha chini kinathibitisha jina la tovuti tu. Cha kati kinathibitisha kwamba kampuni ipo na imesajiliwa. Cha juu kabisa kinakagua kampuni kwa kina zaidi, na zamani kilikupa jina la kampuni kwa rangi ya kijani pembeni mwa anwani. Watu walilipa pesa nyingi kwa ajili ya kijani kile. Kilienda wapi? Mwaka 2019 Chrome na Firefox walikiondoa, kwa sababu waliona wateja hawakiangalii, na wanaokiangalia wanaweza kudanganywa. Miaka miwili kabla, mtafiti Ian Carroll alisajili katika jimbo la Kentucky, Marekani, kampuni halali kwa jina la Stripe, jina la kampuni kubwa ya malipo, akaombea cheti cha juu kabisa, akapewa. Gharama yote, usajili na cheti, dola 177 hivi. Kivinjari kikaonyesha jina hilo kwa kijani, kila kitu halali kisheria. Ukikutana na anayekuuzia kijani leo, muulize kinaonekana wapi.

Na ile dhamana wanayoitangaza, "cheti hiki kina dhamana ya dola elfu kumi", someni masharti yake. Inahusu pale mtoaji mwenyewe alipokosea kutoa cheti. Tovuti yako ikidukuliwa kwa sababu neno la siri ni 123456, dhamana hiyo haikuhusu ndewe wala sikio.

"Lakini kampuni kubwa inaaminika zaidi." Ndugu zangu, Uholanzi palikuwa na kampuni ya vyeti ikiitwa DigiNotar, serikali yao yenyewe ilikuwa mteja. Mwaka 2011 wadukuzi wakaingia ndani ya mitambo yake na kujitengenezea vyeti zaidi ya 500 vya uongo, kimojawapo cha Google. Kikatumika kule Iran, na barua pepe za watu takriban laki tatu zikawa hatarini kusomwa. Aliyegundua hakuwa mkaguzi wala polisi. Alikuwa mtumiaji wa Gmail aliyekuwa Iran, kivinjari chake cha Chrome kilimpa onyo akaamua kuuliza badala ya kubonyeza "endelea". Vivinjari vikaifuta DigiNotar kwenye orodha ya kuaminiwa, na Septemba hiyohiyo ikafilisika. Waliokuwa wamelipia vyeti vyake wakaamka tovuti zao zikikataliwa.

Je, kuna wakati wa kulipa? Upo. Kama benki au anayetoa zabuni anadai kwa maandishi cheti kinachotaja kampuni yako, lipa, usibishane. Kama seva yako ni ya zamani na haiwezi kuhuisha yenyewe, vipo vya chini ya dola 10 kwa mwaka. Na kuna jambo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawalioni sana: simu za mitumba. Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazijui sahihi mpya ya Let's Encrypt. Waliweka njia ya kuzivusha, njia hiyo ikafungwa 2024. Wateja wako kama ni wa vijijini wenye simu za zamani, chukua cheti cha mtoaji ambaye sahihi yake ni ya kale zaidi, halafu jaribu na simu hizo mwenyewe kabla hujakubali.

Nje ya hapo, pesa yako ina kazi nyingine.

Kwa mfano kumfundisha mteja. Kwa miaka mingi tumewaambia watu, "angalia kufuli, ukiona kufuli lipa." Nani hajasema hivyo hapa? Ushauri huo umezeeka. Tapeli naye anapata cheti bure, kwa njia ileile, kwa sekunde zilezile. Anasajili jina linalofanana na lako, anaongeza kistari au herufi moja, anafunga kufuli. Mteja anaona kufuli, analipa. Kufuli linamwambia kwamba hakuna anayesikiliza kati yake na tovuti; halimwambii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Chrome wenyewe 2023 waliondoa picha ya kufuli wakaweka alama nyingine, kwa sababu hiyohiyo. Wafundisheni wateja wasome jina la tovuti herufi kwa herufi. Lichapisheni kwenye mifuko, kwenye risiti, kwenye hali zenu za WhatsApp.

Kazi nyingine ya pesa hiyo ni kuhakikisha cheti hakiishi muda bila mtu kujua. Huu ndio ugonjwa wetu hasa. Na msidhani ni sisi wadogo tu. Tarehe 6 Desemba 2018 wateja milioni 32 wa mtandao wa O2 kule Uingereza waliamka simu hazina data. Siku nzima. Hata mbao zinazoonyesha basi linafika saa ngapi huko London zikazima. Chanzo? Cheti ndani ya programu ya Ericsson, watengenezaji wa mitambo ya simu, kilikuwa kimeisha muda. Hakuna mwizi, hakuna mdukuzi. Tarehe imefika, basi.

Na tarehe zinazidi kukaribiana. Aprili 2025 watoaji wa vyeti na wenye vivinjari walipiga kura kufupisha umri wa vyeti vyote, vya bure na vya kulipia. Ukomo uliokuwa siku 398 umepangwa kuwa siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Siku arobaini na saba! Anayewauzia "cheti cha miaka mitatu, lipa kabisa upumzike" anawauzia malipo ya miaka mitatu. Cheti chenyewe kitabidi kibadilishwe ndani yake mara kwa mara. Nani atakibadilisha? Kwa mkono? Usiku wa Idi, au wa mkesha wa Krismasi wakati oda zinamiminika?

Let's Encrypt nao wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha tangu Juni 2025. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wako si bei. Muulize: kinajihuisha chenyewe? Kikishindwa, nani anapata taarifa, wewe au mimi? Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zina kitufe cha kuwasha hilo kwenye paneli, ule ukurasa wa kuendeshea tovuti, hakihitaji hata fundi. Kama yako haina kitufe hicho, au inacho lakini inakutoza, hamisha tovuti.

Jambo la sheria nalipitia haraka kwa sababu wakili anakuja baada yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na inakutaka uzilinde taarifa za watu unazokusanya. Jina na namba ya simu kwenye fomu yako ya oda ni taarifa binafsi. Mengine muulizeni wakili, mimi si wa fani hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, naona umesimama, dakika zangu zimekwisha. Sitaki tuondoke na maneno matupu. Nani amekuja na kompyuta? Wewe dada wa asali, na wewe kijana wa vipuri vya pikipiki. Piteni mbele, tufungue tovuti zenu moja moja, tuone cheti kimetolewa na nani na kinaisha lini, kisha tuiwashe ile ya kujihuisha kabla ya chakula. Neno la siri la paneli uandike mwenyewe, na tafadhali, usilitamke kwenye kipaza sauti.